Mkunga Aliyemtafutia Mbwa Mzio

Mkunga wetu wa Bofu hakupenda mbwa. Nalisema hilo mapema ili mtu asidhani namsifia mwanamke aliyekuwa na huruma kwa kila kiumbe. Hakuwa hivyo. Kuku wake aliwaita kwa majina, paka wa watu aliwalaza jikoni mwake, lakini mbwa akipita karibu alisimama pale pale, akakusanya upindo wa leso, akangoja mpaka mnyama apotee kabisa ndipo aendelee na safari yake. Hata hivyo, katika miaka yote niliyokaa Likoni, sikuona mtu akimtazama mbwa kwa makini kama yeye alivyomtazama wangu.

Alikozaliwa sikujua, wala umri wake. Mimi na mke wangu Kadzo tulipohamia Bofu kutoka upande wa Rabai, wakati vita vya Wazungu vikiwa vimepamba moto na mahindi yameanza kuwa adimu, yeye tulimkuta, na shamba lake likapakana na letu. Sisi tulikuwa Wakristo wa bara, yeye Mwislamu wa Kidigo, tena mwenye msimamo. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaitikia, "Marahaba," halafu akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia ni seremala. Tangu siku hiyo akaniita Fundi, na nadhani jina langu la ubatizo hakulijua mpaka mwisho.

Alikuwa na mwavuli mweusi uliokatika njiti mbili, na sikumwona akiufungua hata siku moja. Mvua ikinyesha aliukumbatia chini ya kanga usilowe. Kazi ya mwavuli ule ilikuwa kuonyesha watu. Alimwonyesha mwanamke mahali pa kukaa, alimwonyesha mume mlango wa kutokea, na siku za masika aliwaonyesha vijana mfereji ulioziba, nao wakauzibua bila ya kujibu. Nani angejibu? Nusu ya mtaa aliwapokea yeye walipozaliwa, na hakuwaacha wasahau. Mtu mzima mwenye ndevu akijifanya mkubwa mbele yake, alikuwa akisema, "Wewe ulitoka kwa miguu. Ulinitesa toka alasiri mpaka alfajiri," na mambo yakaishia hapo.

Uvumilivu aliuhubiri sana. "Mtoto huja kwa wakati wake," aliwaambia waume waliokuwa wakizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutaga. Lakini yeye mwenyewe hakuweza kukiacha chungu cha wali kikaiva kwa amani. Kila dakika alifunua, akachungulia, akafunika, na wali wake ulikuwa mbichi juu na umeungua chini. Kadzo alisema ni mwanamke wa pekee aliyemjua awezaye kuharibu wali kwa njia mbili kwa pamoja. Tuliula, tukasifu.

Na mayai. Wajawazito aliwakataza mayai, kama walivyokatazwa tangu zamani, kisha yeye akakaa kizingitini akamenya mawili ya kuchemsha mbele yao. Siku moja nilimuuliza, yai linamdhuru vipi mama? Akasema, "Hiyo ni mila, Fundi. Mila hatuijaribu." Wakati ule sikujua kwamba kila kitu kingine duniani yeye alikijaribu.

Swali lake la kwanza kwa kila mwanamke aliyeshika mimba lilikuwa moja: "Mzio wako nini?" Kila mtu alikuwa nao, au alidhani anao. Huyu hali pweza kwa kuwa ukoo wao haumli. Yule akila papa hutokwa na vipele mwili mzima. Mkunga aliyasikiliza yote, akayatenga: mzio wa ukoo upande mmoja, mzio wa mwili upande wa pili. Wa ukoo aliuheshimu bila ya maswali. Wa mwili aliuchunguza kama karani anavyochunguza barua isiyo na sahihi. Ulikula lini? Vipele vilitoka lini? Ulikula na nini? Ukala tena? Kama mtu alijibu "nadhani," alimwambia arudi nyumbani akafikiri.

Sasa nije kwa mbwa.

Jina lake lilikuwa Watasema. Nilimpa jina hilo kwa sababu nilijua majirani watasema, na walisema, mpaka nguruwe mwitu walipoanza kuingia mashambani. Mwaka ule muhogo ndio uliokuwa maisha yetu. Nguruwe watatu wakiingia shambani usiku mmoja, asubuhi hukuti ila mashimo. Watasema aliwafukuza kwangu, akawafukuza kwa mkunga, akawafukuza mpaka mashamba ya chini, na maneno ya watu yakapungua. Hawakumpenda, ila hawakumtupia mawe tena.

Kisha akaanza kujikuna. Mwanzo tulicheka. Baadaye hatukucheka. Alijikuna makwapa mpaka manyoya yakatoka, akalamba nyayo mpaka zikawa nyekundu, akatikisa kichwa mchana kutwa kama mtu anayekataa jambo. Masikio yalinuka. Tumbo lake lilikuwa halitulii. Nguruwe walipokuja hakuwasikia, maana alikuwa amekaa chini ya mkorosho anajikuna. Tukapoteza safu nne za muhogo, na jirani wa chini akapoteza zaidi.

Nilifanya kila nililoambiwa. Nilimtoa kupe. Nilimpeleka pwani nikamwosha kwa maji ya chumvi. Nilimpaka majivu, nikampaka mafuta ya nazi, akayalamba. Mzee wa mtaa akaja nyumbani, mtu mpole, akasema kwa upole wake kwamba watu wanaogopa. Mbwa mwenye vidonda atawaambukiza watoto, na labda ni mwanzo wa kichaa. Mwezi ukiandama awe ameondoka, la sivyo atamtuma mtu mwenye bunduki. Nilihesabu siku. Zilibaki kumi na moja.

Kwa kukata tamaa nikatia kitambaa kwenye mafuta ya taa nikampaka makwapani, kwenye kidonda. Kilio alichotoa sijakisahau. Nilikuwa nimemshika kwa magoti, nikiiambia nafsi yangu kwamba namsaidia, nikasikia sauti kutoka uzioni.

"Fundi! Unamchinja?"

Mkunga alikuwa amesimama na mwavuli wake. Nikamweleza. Akasikiliza, kisha akasema, "Mwachie. Mwoshe kwa maji matupu. Ukimaliza njoo hapa, mimi siingii."

Nikamwosha. Nilipofika uzioni akaniuliza, "Mbwa wa jirani wa chini hulala na huyu?"

"Hulala naye, Bibi. Ni ndugu."

"Anajikuna?"

"Hajikuni."

"Basi ingekuwa upele wa kuambukiza wangejikuna wote. Alianza kiangazi au masika?"

"Kiangazi. Na masika yamekuja, bado."

"Basi si wadudu wa mvua." Akanyoosha mwavuli juu ya uzio, akamwonyesha mbwa bila ya kumkaribia. "Masikio, makwapa, nyayo, tumbo. Nimeona watoto wa namna hii. Anakula nini?"

"Makombo tu."

"Hakuna chakula kinachoitwa makombo," akasema. "Nitajie."

Nikaanza kutaja. Ugali. Machicha ya nazi. Maganda ya muhogo, samaki, mchuzi wa samaki, ng'onda wa kukaushwa juani, mayai yaliyooza, maziwa yaliyoganda ya jirani mwenye ng'ombe, mkate ukipatikana. Nilipomaliza nilishangaa mwenyewe. Mbwa wangu alikula vitu vingi kuliko mimi.

"Ana mzio," akasema mkunga. "Mbwa naye ana mwili. Kimoja kati ya hivyo kinamkataa, na hatutakijua kwa kubahatisha. Nitajie kitu ambacho hajapata kukitia kinywani."

Hilo lilitushinda. Mimi na Kadzo tulikaa uani tukifikiri. Mwisho Kadzo akakumbuka kwamba tangu kuhamia Bofu sikuwa nimetega paa, na kwamba viazi vitamu tulivipanda juzi tu. Mkunga akaridhika. Viazi vya kuchemsha bila chumvi na nyama ya paa. Hicho na maji, basi. Kingine chochote kisiingie kinywani mwake.

"Kwa siku ngapi, Bibi?"

"Arubaini. Mzazi hukaa arubaini, naye atakaa arubaini. Mwili hausahau chakula kwa siku moja wala mbili."

Nikamkumbusha kuhusu mwezi kuandama. Akanitazama kana kwamba nimemtukana, akaondoka. Jioni ile ile nilimwona amesimama mbele ya nyumba ya mzee wa mtaa, mwavuli umeelekea kifuani mwa mzee. Sikusikia yote. Nilisikia, "ulizaliwa umejifunga kitovu shingoni," na nikasikia, "arubaini." Mzee wa mtaa alikuwa akitikisa kichwa kukubali.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Mchana tulimfunga Watasema kwa kamba asizurure, usiku tulimfungulia kwa ajili ya nguruwe. Mtego ukipata paa tulikula sote, mbwa na sisi. Ukikosa, alikula viazi vitupu, akituangalia kwa macho ya lawama. Kadzo alinung'unika kwamba amekuwa mpishi wa mbwa, lakini ndiye aliyemnyooshea sahani, na ndiye aliyewafukuza watoto wa jirani wenye vipande vya ng'onda mkononi. Kila baada ya siku tatu mkunga alikuja uzioni, akasimama hatua mbili nyuma, akauliza: amejikuna mara ngapi tangu jua kuchomoza? Nyayo zina rangi gani? Choo? Nilijifunza kuchungulia mambo ambayo baba yangu angenicheka.

Ilipofika siku ya kumi na tano wekundu ulikuwa umepungua. Siku ya kumi na sita alilala mchana kutwa, usingizi mzito, na Kadzo akaniita nije nimwone jinsi alivyolala. Siku ya kumi na nane akajikuna mpaka damu.

Mkunga alipokuja alituuliza nani amempa nini. Mimi niliapa. Kadzo akaapa. Akatuangalia mmoja mmoja. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akapita mlango wa uzio, akaweka mwavuli chini, akasema, "Mshike kichwa." Akapiga magoti kwenye mchanga, akalifunua sikio la Watasema kwa vidole vyake, akanusa. Mbwa akamlamba mkono. Mkunga akafumba macho, akavumilia.

"Samaki," akasema. "Sikio lina harufu yake mbaya, lakini mdomo una harufu ya samaki. Mtu anamlisha."

Akataka maji. Alinawa mara saba, mara moja kwa udongo safi, akihesabu kwa sauti na kunikazia macho, kana kwamba mimi ndiye najisi. Alipomaliza akasema, "Kesho alfajiri usimfunge. Tutamfuata."

Tukamfuata. Mkunga alikuwa ameswali mapema, na mwanga ulikuwa ndiyo kwanza unapasua. Watasema alipotoka shambani hakuelekea kwangu. Alipita kando ya mihogo, akavuka uzio wa makuti, akaenda moja kwa moja nyuma ya jiko la mkunga mwenyewe. Pale alikuwa amechutama Mwanasiti, mkaza mwana wake, na sufuria ndogo. Alikuwa akimtupia vichwa vya samaki kimoja kimoja, na anazungumza naye. Sikusikia maneno. Ilikuwa sauti ya mtu anayemsimulia rafiki yake mambo ya jana.

Ni lazima nieleze kidogo. Mwanasiti aliolewa na mwana wa pekee wa mkunga, aliyefanya kazi bandarini. Ilikuwa mwaka wa tano na hakuwa amepata mtoto. Mtaa mzima ulijua jinsi mkunga alivyomchukulia. Mwanamke aliyepokea watoto wa watu wote, nyumbani kwake hakuna kilio cha mtoto, na hilo lilimuuma mpaka likamfanya mtu mbaya. Alimwita tasa mbele ya wageni. Alimnyima kukaa na wanawake wenye mimba asije akawatia mkosi. Nilisikia mwenyewe kwa masikio yangu, zaidi ya mara moja, na sikusema kitu. Niliona si langu.

Mkunga akasimama. "Mwanasiti."

"Abee, Mama." Akainuka, sufuria mkononi.

"Unajua huyu mbwa amekatazwa?"

"Sikujua, Mama. Hakuna aliyeniambia." Ilikuwa kweli. Nani alikuwa akimwambia chochote? "Hupita kila alfajiri, huja kunisalimia, na tangu juzi nimepata vichwa vya samaki, ndivyo nimpavyo. Katika mji huu ndiye anayenisalimia kabla ya kunitazama tumbo."

"Umeniharibia siku kumi na nane!"

Mwanasiti alitazama chini. Nilidhani atalia. Hakulia. Alisema polepole, kwa adabu yote, "Mama, mbwa umempa siku arubaini ili ujue kinachomdhuru. Umemtolea vyakula vyote, unangoja, unahesabu. Mimi ulijua siku ya kwanza. Mume wangu alioa wawili kabla yangu, nao hawakuzaa, nao ulijua siku ya kwanza. Mke umebadilisha mara mbili, Mama. Ni kipi ambacho hukubadilisha?"

Kuku walikuwa wanaanza kushuka mtini. Nilitamani ardhi inimeze, kwa kuwa nilikuwa nimeshika kamba ya mbwa na sikuwa na mahali pa kwenda. Mwisho mkunga aligeuka, akaingia nyumbani mwake bila ya mwavuli. Nikamrudishia mchana.

Wiki nzima hakuja uzioni. Tulianza kuhesabu upya, siku ya kwanza, bila yeye. Safari hii Mwanasiti ndiye aliyetusaidia. Alikuja mwenyewe na viazi vya shamba lao, na alfajiri alimfukuza Watasema kwa uchungu, akimtupia vijiti ambavyo kwa makusudi havikumfika. Siku ya nane mkunga akatokea, hatua mbili kutoka uzioni kama kawaida. "Amejikuna mara ngapi?" Nikamwambia. Akaondoka. Alikuwa amekonda.

Arubaini ilipotimia, Watasema alikuwa mbwa mwingine. Manyoya yameota, masikio makavu, na nguruwe wamerudi kumwogopa. Mzee wa mtaa alikuja akamzunguka mara mbili akasema, "Alhamdulillahi," akaenda zake. Nilimwambia mkunga kazi imekwisha, Mungu ambariki. Mbwa atakula viazi maisha yake yote.

"Haijaisha," akasema. "Sasa utamrudishia. Ugali siku saba, tutazame. Halafu machicha. Halafu maziwa. Samaki wa mwisho."

Nilikasirika. Nilimwambia mbwa amepona, na mimi simpi samaki kwa makusudi nimwone akijikuna tena. Ndipo akakaa juu ya gogo langu la useremala, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akanisimulia. Zamani, kabla sijafika Bofu, aliletewa mtoto mchanga mwenye vipele. Mkunga alimkataza mama kila kitu kwa pamoja: maziwa, samaki, nazi, kunde. Vipele vikaisha. Mama akafurahi, yeye akafurahi. "Sikurudisha, Fundi. Niliona tumeshinda. Mama akala muhogo mtupu miezi, maziwa ya kifua yakakauka. Yule mtoto nilimzika mwenyewe kwa mikono hii." Hakulia. "Labda ilikuwa kunde tu. Sitajua. Kutoa ni nusu ya kazi."

Nikamrudishia. Ugali siku saba, hakuna kitu. Machicha, hakuna kitu. Maziwa yalimlegeza tumbo siku mbili, yakaisha. Mayai sawa. Kisha kichwa kimoja cha samaki, alichokileta Mwanasiti kwa mkono wake na kukiweka chini mbele ya mkunga, wote wawili wamesimama pamoja uzioni kwa mara ya kwanza. Siku ya pili Watasema alikuwa analamba nyayo. Siku ya tatu masikio. Tukaacha, na baada ya wiki mbili akatulia. Basi tukajua. Mbwa wa Likoni, mji wa samaki, mzio wake ni samaki. Kadzo alicheka mpaka akakaa chini. Watasema aliishi miaka mingi baadaye, akazeeka, akafa chini ya mkorosho kwa uzee tu, na hakuna aliyekuja na bunduki.

Mambo ya nyumbani kwa mkunga nilikuja kuyajua kidogo kidogo, kwa Kadzo. Mkunga alimwita mwanawe kutoka kazini akamwambia lile ambalo hakuna mama anapenda kumwambia mwanawe. Kijana alikasirika, akahamia ng'ambo ya kivuko, akatoa talaka kutoka huko huko. Kwa muda mrefu hakumpelekea mama yake hata salamu. Na mkunga, badala ya kumwacha Mwanasiti afungashe na kuondoka kimya, alimrudisha kwa wazazi wake yeye mwenyewe, kwa miguu, wakiwa wamebeba sanduku wote wawili. Alisimama uani kwa watu akasema kwa sauti, "Mwana wenu hana ila. Ila ilikuwa kwangu." Kadzo alikuwapo. Alisema mkunga alipomaliza hakupewa hata maji ya kunywa, na hakuyaomba.

Kadzo alipopata mimba, mkunga alikuja na mayai mawili kwenye leso. "Kula moja," akasema. "Ngoja siku tatu. Ukiwa mzima, kula la pili." Nikamuuliza, na mila je? Akaniambia nikachonge mbao zangu.

Mara ya mwisho nilipomwona haikuwa Bofu. Vita vilikuwa vimekwisha miaka kadhaa, nami nilikuwa nimehamia Magongo, huku Changamwe, ambako kazi ya milango na vitanda ilikuwa nyingi. Asubuhi moja nilikuwa napiga randa nje ya banda nikaona ajuza anakuja barabarani, anakanyaga pole pole kama mtu anayehesabu ardhi. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Nilimwamkia.

"Marahaba. Ni nani?"

"Ni Fundi, Bibi. Wa Bofu."

"Fundi! Mungu amekuweka njiani." Akanishika mkono kwa nguvu. "Nipeleke kwa Mwanasiti. Ameniita."

Nilijua kwamba Mwanasiti ameolewa hapo Magongo na mtu wa reli aliyefiwa na mkewe, mwenye heshima zake, na kwamba yu mzito. Sikujua kwamba aliwakataa wakunga wawili wa mtaa akatuma mtu Likoni. Nikamshika mkunga mkono tukaenda. Tulipofika wanawake walikuwa wamejaa ukumbini, na kutoka ndani nilisikia mtu anaumwa.

Mkunga akasimama kizingitini, asiingie. Wanawake wakamfanyia njia. Hakusogea.

"Mwanasiti," akaita, kwa sauti ya watu wote wasikie. "Nilikukosea mbele za watu. Nakuomba radhi mbele za watu. Kama hukuniradhi, niambie nirudi, nitakutafutia mkunga mwingine mwenye mikono mizuri."

Kisha sauti ya Mwanasiti, imekatika katikati kwa uchungu: "Mama, nilishakuradhi siku uliponibebea sanduku. Ingia, wallahi, mimi nakufa huku!"

Wanawake wakaangua kicheko, wengine machozi yanawatoka. Mkunga akavua makubadhi, akajifunga leso kiunoni, akapapasa ukuta mpaka akauona mlango wa chumba. Nikasikia sauti yake ndani, ile ile ya kuamrisha, inataka maji ya moto, inataka kitambaa, inataka kila mwanamume aliyesimama ukumbini aende akatafute kazi ya kufanya.

Nikatoka, nikaenda kuchota maji.